Usaili wa shule ya bweni: mzazi unavaa nini, na mtoto umvalishe nini?

#1 Baba Wawili
Wakuu heshima kwenu. Binti yetu kamaliza darasa la saba mwezi uliopita, Jumamosi ya wiki ijayo ana usaili shule moja ya masista huko Kilimanjaro, bweni, wasichana watupu. Asubuhi watoto wanafanya mtihani, wazazi wanatembezwa mabwenini na bwaloni, mchana mnaingia kwa mkuu wa shule familia moja moja. Sasa hapa nyumbani ni vita. Mama watoto anataka nivae suti, yeye kitenge kiko kwa fundi na binti anashonewa gauni la kitambaa hichohicho, yaani tutoke sare kama kamati ya sendofu. Mimi nasema jinzi safi na shati la kuchomekea inatosha, mtoto avae yunifomu yake ya shule ya msingi basi, kinachosahihishwa pale ni karatasi ya hesabu na ya Kiingereza. Fomu nimeisoma mbele na nyuma: kalamu, rula, picha za pasipoti, nakala ya cheti cha kuzaliwa. Nguo hawajaandika kitu. Kwa mliopita huko, mavazi yana uzito wowote au ni presha zetu tu?

#2 Ngosha Mpole
Nakaa siti ya mbele hapa, waje wenye uzoefu.

#3 Mama Tumaini
Yana uzito na asikudanganye mtu. Ada za hizo shule ni mamilioni, wanachoangalia ni kama wewe utalipa au utakuwa mtu wa kuandika barua za kuomba muda kila muhula. Mimi mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka nimetoka safari ndefu, nimevaa dera na mtandio, familia iliyotutangulia baba suti mama lesi mpaka chini, tukiwa nje tunasikia vicheko vinatoka ofisini, wamekaa humo weee. Tulipoingia sisi swali la kwanza "mama unajishughulisha na nini", jina la mtoto hata hajauliza, dakika tano tukawa nje. Mtoto akawekwa orodha ya akiba. Jaza mwenyewe.

#4 Mwl Kipanya
Mama Tumaini pole, ila orodha ya akiba inatoka na alama za mtihani, sio dera. Nimekaa kwenye hiyo meza ya usaili miaka kadhaa, shule ya dayosisi, mkoa nauhifadhi. Karatasi zinasahihishwa asubuhi ileile, mnapoingia ofisini mkuu ana alama mbele yake tayari. Mahojiano tunataka kujua mtoto anaweza kujieleza? Ana pumu, ana kifafa, anatumia dawa gani? Anajua kufua? Amewahi kulala nje ya kwao hata wiki moja? Anakuja kwa hiari yake au kabebwa? Uwezo wa kulipa haupimwi kwa suti ndugu zangu. Kuna mzee wa Kariakoo alikuja na malapa na shati limetoka nje, ada ya mwaka mzima alilipa benki Jumatatu yake, na kuna wa suti walitusumbua mpaka kidato cha nne.

#5 Shangazi Mkorofi
Mwalimu unasema hamuangalii nguo lakini malapa ya mzee wa Kariakoo unayakumbuka mpaka leo 😂

#6 Mwl Kipanya
Nakumbuka risiti shangazi, risiti.

#7 Dereva wa Noah
Mnaongelea mkuu wa shule wakati geti hamjavuka. Mimi kazi yangu ni hii, msimu wa usaili nabeba wazazi kutoka stendi naingiza shule za ndani ndani huko, nimeona mengi. Mtu wa kwanza kukusaili ni mlinzi. Shule nyingi pale getini kuna bango la picha, wamechora mama kavaa kimini, kijana kavaa suruali mlegezo, kaka kaptula na singlendi, wote wamepigwa mkasi mwekundu. Mlinzi hajui ada yako wala cheo chako, ameambiwa picha hizi wasipite, hawapiti. Juzijuzi nilimbeba baba mmoja mtu mzima kabisa, kaptula ya kaki ile ya mifuko mingi, kagomewa. Alianza kwa ukali, akaja kwa upole, akatoa na noti, jamaa wapi. Ikabidi turudi kwenye gari abadilishane na konda wangu. Konda mfupi. Baba kaingia kwa sista mkuu suruali inaishia juu ya kifundo cha mguu na soksi zinaonekana zote, konda kabaki ndani ya gari na kaptula ya mtu kageuka bosi anapiga picha.

Kwa kina mama nina kanga mbili ndani ya gari muda wote. Skintaiti ndio inaongoza kurudishwa. Suruali ya kitambaa pana inategemea shule, masista wengine hawana neno, wengine unapewa kitenge cha kujifunga palepale kwa mlinzi na hivyo vitenge sijui hufuliwa lini.

#8 Wakili wa Mtaani
Na hilo ni la kisheria jamani sio mlinzi kujitungia. Kuna waraka wa serikali wa mavazi, ukiingia taasisi yoyote na kimini umeuvunja.

#9 Afisa Mstaafu
#8 usipotoshe. Waraka unaousema ni wa mwaka 2007, ulitoka Utumishi na unahusu mavazi ya WATUMISHI WA UMMA wakiwa kazini. Mzazi aliyekwenda kutafuta nafasi shule ya kanisa sio mtumishi wa umma na shule yenyewe sio ofisi ya umma. Shule inakuzuia kwa taratibu zake kwa sababu ni kwake, kama mimi nikisema kwangu huingii na viatu. Bango limefanana na yale ya hospitali na halmashauri ndio maana watu wanadhani chanzo ni kimoja.

Nguo ambayo ni kosa la kisheria kweli kwa raia ni mabaka ya jeshi na yanayofanana nayo. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wayasalimishe. Na bado utakuta mtu kamnunulia mtoto kisuruali cha mabaka cha mtumba anasema kapendeza.

#10 Ngosha Mpole
Baba mkwe wangu ana kofia ya mabaka tangu enzi hizo, anavaa shambani tu, mahindi hayajamripoti.

#11 Binti Usambara
Niwape upande ambao hamuujui. Mimi nimesoma Lushoto, bweni, wasichana. Siku ya wageni wanafunzi tunapangwa madirishani kama tunasoma, hakuna anayesoma. Mnaogopa mkuu wa shule na mlinzi, sisi ndio tulikuwa wasaili wenyewe! Mama mmoja alikuja na gauni la njano linang'aa lile la setini na viatu vya mchuchumio vyembamba, usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, kutoka parking mpaka utawala ni nyasi na udongo mwekundu. Akapiga hatua kiatu kikabaki. Akarudi kukichomoa, cha pili kikazama. Mwisho akavivua akavishika mkononi akapita mbele ya madirisha yote peku na tope mpaka hapa kwenye vifundo, binti yake anatembea mbele anajifanya hawajuani. Yule binti alipata nafasi, Januari kaja na tranka lake, hajafika hata kitandani mtu keshamuita Njano. Kaitwa Njano form one mpaka form four, walimu nao wakamwita Njano, kwenye mahafali MC akamtangaza Njano. Mpaka leo kwenye grupu letu la WhatsApp nimemsevu Njano, jina lake halisi inabidi nifikirie.

Kwa hiyo baba wawili usiulize sista atasema nini, uliza binti yako atabaki na jina gani.

#12 Shangazi Mkorofi
Nimecheka mpaka abiria wenzangu wananiangalia. Kwa hiyo na hiyo sare ya kitenge ya baba mama na mtoto, madirishani wangewapa jina gani?

#13 Binti Usambara
Kwaya 😂😂

#14 Baba Wawili
Naprinti hii namuwekea mezani.

#15 Matron Asha
Salaam. Nimekuwa matroni shule mbili tofauti, moja wasichana moja mchanganyiko. Mmejadili wazazi wee mtoto mmemsahau na ndiye anayekaa na hizo nguo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni. Mambo ninayoyaona kila msimu:

Viatu vipya. Mnanunua jana, mtoto anavaa leo. Anabanwa, katikati ya karatasi ya hesabu anavua chini ya dawati, akiitwa kwenye mahojiano anavitafuta kwa miguu huku kasimama. Vaa alivyozoea, vipigwe rangi.

Kamba za viatu. Mtoto wa miaka 13 mama anainama kumfunga kamba mbele ya watu. Hilo kwa kweli mimi naliandika, maana ndiye nitakayebaki naye usiku.

Jampusuti. Ni nguo nzuri ya bethidei. Vyoo vya shule nyingi ni vya kuchuchumaa, sakafu ina maji, mtoto inabidi avue yote kuanzia mabegani aishike mkononi isiguse chini. Kuna mmoja alibana mkojo mtihani mzima kwa sababu hiyo, mwalimu akadhani hajui hesabu kumbe anatetemeka.

Nywele. Rasta za rangi hapana. Shule nyingi za bweni zitataka nywele fupi mtoto akianza, na anayekuja kichwa kimesukwa mpaka mgongoni wasichana wanamuonea huruma maana wanajua mashine inamsubiri. Mmoja alilia palepale alipoambiwa.

Sweta hata kama nyumbani kwenu ni Mbagala.

#16 Mwl Kipanya
Matroni amemaliza. Na kweli maoni ya matroni yanasomwa.

#17 Baba Wawili
Shukrani matroni. Kwa hiyo yunifomu ya shule ya msingi nimeshinda? Viatu kavizoea, sketi kaizoea, sweta ipo.

#18 Mama Tumaini
Hujashinda. Yunifomu inasema mtoto katoka wapi kabla hajafungua mdomo. Akiwa Kayumba, shati jeupe sketi ya bluu, kila mtu anajua huyu ni wa serikali, wanaanza kumuongelesha Kiingereza taratiiibu kama mgonjwa. Wa inglishi midiamu kaja na tai, bleza na nembo ya shule kifuani anapewa swali la kawaida. Mvalishe nguo ya nyumbani ya heshima wote waanze sawa.

#19 Kayumba Orijino
Naomba nipinge kwa kifua mbele. Mimi nilikwenda usaili wa seminari na shati jeupe na kaptula ya bluu iliyopauka, viatu vya kaka nimejaza magazeti mbele visitoke. Tulikuwa wengi na wengi tulikuwa hivyo hivyo. Waliokuja na bleza zao jua la saa nane liliwatoa moja moja. Padri hakuuliza nguo. Aliuliza umetumikia misa lini mara ya mwisho, nani alikufundisha, ukiona mwenzako anaiba mkate bwaloni utafanyaje. Seminari barua ya paroko ndio suti, kama paroko hajakuandikia hata uje na bleza ya dhahabu unarudi nayo. Baba yangu alinisindikiza na koti la marehemu babu, limemzidi mabega, na yule padri alimpa kiti cha kwanza kwa sababu ndiye alikuwa mzee kuliko wazazi wote pale.

#20 Ngosha Mpole
Kwa hiyo sasa hivi we ni padri? Tumsifu.

#21 Kayumba Orijino
Nina watoto wanne mkuu.

#22 Pwani Yetu
Assalaam aleykum wote. Mmesema masista na mapadri tu, na shule za Kiislamu zipo, na nyingine wanakwenda hata watoto wa dini nyingine. Kule kwa mama ni rahisi: nguo pana, ndefu, kichwa kifunikwe. Baui baui si lazima, kitenge kipana na mtandio vinatosha. Baba kanzu si sharti, suruali na shati la mikono mirefu hakuna atakayekuuliza. Nina mfanyakazi mwenzangu Mkristo, mtu wa Iringa, alimpeleka binti yake shule ya Kiislamu kwa sababu ilikuwa inafaulisha, akaenda kichwa wazi hakujua. Hakuna aliyemfokea. Katibu muhtasi alitoka na mtandio mweupe umekunjwa vizuri akamwambia "mama karibu, huu wako", akaondoka nao mpaka kwake na Jumapili anakwendea kanisani.

Nadhani hili la Mama Tumaini la pesa silo. Ni kwamba kila shule ina watu wake na wenyewe hujisikia umewaheshimu ukifanana nao kidogo.

#23 Shangazi Mkorofi
Baui baui ndio nini tena? 😂

#24 Pwani Yetu
Baibui. Simu hizi zinajiandikia.

#25 Jirani wa Voi
Majirani hamjambo. Huku kwetu Kenya shule za umma mtoto anapangiwa na wizara, watoto wa kwanza wa CBC, mtaala wetu mpya, ndio waliripoti Gredi 10 Januari 2026, hakuna kuitwa ofisini na mkuu wa shule mkikaguliwa. Intavyuu ni za praivet. Lakini visiting day sasa! Hapo ndio mavazi hutoka. Mzazi anakuja na gari ya kukodi, miwani, nyama choma kwa foili, watoto wengine wanakula githeri (makande yenu) wakiangalia. Shule zingine zimeamua chakula kisiingie kabisa kwa ajili ya hiyo mambo. Kwa hivyo mimi naona shida si shule, ni wazazi kushindana wao kwa wao, mkuu wa shule anasingiziwa tu.

#26 Ngosha Mpole
Jirani punguza "hiyo mambo", kuna mwalimu humu.

#27 Jirani wa Voi
Na wewe punguza kukaa siti ya mbele bila tiketi.

#28 Nshomile wa Mutukula
Hii ya #22 naiunga mkono kwa ushahidi. Sisi wa Kagera miaka ya tisini wengi tulivushwa Mutukula kwenda kusoma Uganda. Mzee wangu huku Bukoba alikuwa mtu wa suruali na shati, siku ya kunipeleka shule kaenda kuazima kanzu na koti la kuvaa juu yake kama wanavyovaa kule, mama kapata gomesi kwa shangazi yake aliyeolewa Masaka, lina mabega yale yamesimama na mkanda mpana kiunoni, hajui kulifunga, amefungiwa na mwanamke asiyemjua kwenye choo cha stendi. Walipoingia shuleni mkuu alisimama. Alisimama kweli, akawaongelesha Kiganda, mzee anajibu Kihaya cha haraka haraka wanasikilizana hivyohivyo. Ada ilipunguzwa? Haikupunguzwa hata shilingi. Ila kila mzee alipochelewesha alisubiriwa.

#29 Mama Tumaini
Umeona? Alipendeza akasubiriwa ada. Unaniunga mkono mimi bila kujua.

#30 Nshomile wa Mutukula
Mama we hushindwi.

#31 Mbongo wa Reading
Nipo Uingereza. Huku kuna siku za wazi, shule ya bweni inafungua milango familia zinakuja kutembezwa na wanafunzi wenyewe. Mimi na u-Bongo wangu nikavaa suti ya harusi yangu, tai, kiatu nimekipiga rangi najiona usoni. Nafika, kina baba wana sweta lina uzi umefumuka kiwiko na mabuti ya matope, wamekuja na mbwa. Nimesimama mlangoni namsubiri wife, mama mmoja kaja kaniuliza chumba cha muziki kiko wapi, wa pili kaniuliza choo. Wamedhani ni mwalimu wa shule au mhudumu sijui. Nikawaonyesha tu, choo nilikuwa nimekipita. Hao wa sweta bovu ada ya mwaka ile wanalipa bila kuhema, kwa hiyo nadharia ya suti na pesa huku inageuka juu chini, kadri mtu ana nazo ndivyo anavyovaa hovyo.

#32 Dereva wa Noah
Hata huku ukiona mtu kashuka kwenye V8 na raba na tisheti ujue ndiye mwenye mali. Suti inashuka kwenye Noah yangu.

#33 Mama wa Nyumba Hii
Nimetumiwa huu uzi na wifi yangu. Mimi ndio "mama watoto". Naomba kurekebisha mambo.

Moja, sijasema suti, nimesema koti. Koti moja. Analo, lilishonwa ubatizo wa huyohuyo binti na bado linamtosha ukiacha kifungo cha kati. Mbili, hiyo jinzi anayowaambia ni safi ina rangi mbili, ya asili na ya magoti. Tatu, binti anasoma shule ambayo yunifomu yake ni fulana na traki, kwa hiyo hiyo sketi anayoisema kaizoea ni ya nani mimi sijui, aje hapa aeleze.

Na kitenge si kwa ajili ya masista. Tukitoka usaili tunapanda Marangu kwa bibi yake, hajatuona tangu Krismasi ya mwaka juzi, kuna shangazi zake wote wanakuja na kuna kupiga picha. Nimemweleza. Hakusikia, alikuwa anaangalia mpira.

#34 Shangazi Mkorofi
Haya sasa. Moderata usifunge uzi.

#35 Ngosha Mpole
Baba Wawili kimya. Anatafuta kifungo cha kati.

#36 Baba Wawili
Nipo. Sketi ni ya Jumatatu, wana sketi ya Jumatatu, muulizeni binti. Hilo la Marangu nilijua tunakwenda, picha ndio sikujua.

#37 Matron Asha
Mama karibu sana. Kitenge hakina ubaya. Ila nyie mnasafiri na nini? Kama ni basi kutoka Dar msiende mmekivaa, safari ya zaidi ya kilomita 500 mtafika mmekunjamana.

#38 Dereva wa Noah
Na tangu 2023 mabasi ya usiku yamerudi, wengi mnapanda usiku mnashuka Moshi alfajiri mnakwenda moja kwa moja shule na macho mekundu. Panda Ijumaa asubuhi, lala gesti, piga pasi asubuhi. Ukishindwa vaa traki kwenye basi, nguo iwe kwenye hanga na mfuko wa nailoni, pale stendi kuna vyoo vya kulipia watu wanabadilisha humo kila siku. Ila muwahi, wanaoga watu wa Nairobi pia.

#39 Kayumba Orijino
Mmeongea yote, hakuna aliyeuliza la maana. Kitenge kiko kwa fundi TANGU LINI?

#40 Mama wa Nyumba Hii
Wiki ya pili hii. Kasema Jumatano.

#41 Shangazi Mkorofi
Jumatano ya mwaka gani? Fundi akisema Jumatano hajakata kitambaa. Nenda leo kakae hapohapo dukani kwake, usikubali kuambiwa "nimebakiza vifungo".

#42 Binti Usambara
Wangu alimshonea mtu mwingine kitenge changu, nimekutana nacho harusini kinacheza.

#43 Mwl Kipanya
Turudi kidogo. Nimekumbuka kitu kuhusu nguo ambacho kwa kweli mezani tunakiona, sikusema mwanzo maana Mama Tumaini angenishika. Mtoto aliyevalishwa asichokitaka anajulikana. Tai anaivuta, gauni analishusha, anajibu huku anamwangalia mama yake. Ukimuuliza anapenda somo gani mama anajibu yeye. Sio kwamba tunamkata alama. Ila mkuu wa shule niliyefanya naye kazi alikuwa na tabia, akiona hivyo anamwambia mzazi atoke nje kidogo, mtoto anabaki, na hapo ndio unasikia "mimi sitaki bweni". Karibu kila msimu tulikuwa naye mmoja wa hivyo.

#44 Mama Tumaini
Na mzazi wake akiwa na lesi na V8 mnamrudisha nyumbani kwa sababu kasema hataki?

#45 Mwl Kipanya
Kuna waliorudishwa, kuna ambao hawakurudishwa.

#46 Mama Tumaini
Asante nimemaliza.

#47 Afisa Mstaafu
Kwa wenye watoto wadogo niongeze nje ya mada kidogo. Hawa walioanza mtaala mpya shule ya msingi inaishia darasa la sita, wanamaliza 2027, mwaka huohuo na darasa la saba la mwisho. Madarasa mawili yanatafuta kidato cha kwanza kwa mpigo. Hizo foleni za usaili mnazoziona sasa ni utani.

#48 Dereva wa Noah
Naongeza gari la pili basi.

#49 Mama Kidato
Samahani kufufua uzi wa zamani, mimi wangu ni wa kiume amepangiwa kidato cha tano Njombe huko, kwa hiyo usaili hamna, ni kumpeleka tu Julai. Sisi tunaishi Tanga hatujui baridi. Sweta moja ya shule inatosha au niongeze? Na ile fomu ya maelekezo imeandika tranka, nikimpa begi la magurudumu wanakataa?

#50 Nshomile wa Mutukula
Njombe Julai mama! Sweta mbili, fulana nzito za ndani, soksi za kutosha, blanketi zito sio zile za kuonyeshea mgeni. Kuoga asubuhi atajifunza mwenyewe.

#51 Matron Asha
Begi la magurudumu linakatika mkono wiki ya kwanza na zipu inafunguliwa kwa kalamu. Tranka la bati, kufuli nzuri, funguo moja abaki nayo shingoni nyingine ampe patroni. Jina liandikwe kwa rangi ya mafuta juu na ndani ya kifuniko. Ndoo pia iandikwe jina, na mfuniko wake.

#52 Kayumba Orijino
Mfuniko ndio unaibiwa kwanza.